Usikunje waya huo! Namba moja ndiyo inayobeba intaneti yako

Hebu chungulia nyuma ya kabati la runinga. Ule waya mwembamba wa faiba unaoingia kwenye kisanduku cha waifai, umekaaje? Kama umebanwa na mguu wa kochi, au umeufunga fundo ili wageni wasiuone, basi huenda wewe mwenyewe ndiye unayejikatia mtandao, halafu unampigia fundi simu kwa hasira.

Na siku hizi mtandao si mchezo. Kuna anayesoma chuo kupitia huo waya, kuna anayefanyia kazi wateja walio ng'ambo, na kuna yule ambaye gemu ikikwama dakika ya mwisho nyumba nzima haikaliki. Ili ujue kwa nini kuukunja kunaleta balaa, kuna namba moja uliyoisoma shuleni ambayo pengine ulidhani ni ya mtihani tu.

Kipande cha kioo na pini nne

Kama ulisoma fizikia kidato cha tatu, unakumbuka: unaweka kipande cha kioo juu ya karatasi, unachomeka pini, unachora mistari, unapima pembe. Mwanga ukiingia kwenye kioo hupinda. Unapinda kwa sababu ndani ya kioo kasi yake hupungua.

Kipimo cha kupinda kwa mwanga ni namba inayokuambia kasi hiyo imepungua mara ngapi. Mahali patupu kabisa, kama angani juu, kipimo ni 1 na mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwenye maji kipimo ni takriban 1.33. Kwenye kioo cha faiba ni kama 1.47, kwa hivyo kasi hushuka hadi kilomita 204,000 hivi kwa sekunde.

Sasa fanya jaribio dogo. Jaza maji kwenye glasi, iinue juu ya macho yako, kisha utazame uso wa maji kutoka chini, kwa upande. Utauona unang'aa kama kioo cha kujitazamia. Mwanga unapotaka kutoka kwenye kitu chenye kipimo kikubwa kwenda kwenye kitu chenye kipimo kidogo, ukija kwa pembe ya kulala sana, haupiti. Unarudishwa wote ndani. Hapo ndipo faiba ilipozaliwa.

Tofauti ndogo, kazi kubwa

Uzi wa faiba una sehemu mbili za kioo. Katikati kuna kiini, chenye upana wa sehemu 9 hivi za elfu za milimita. Kukizunguka kuna ganda, na vyote pamoja vina upana wa sehemu 125 za elfu za milimita, yaani karibu sawa na unywele mnene. Kiini huchanganywa na madini ambayo wanasayansi huyaita jemaniamu, ili kipimo chake kipande kidogo kuliko cha ganda.

Kidogo kiasi gani? Chini ya asilimia moja. Katika faiba nyingi za masafa marefu ni kama theluthi moja ya asilimia tu!

Utauliza: kwa nini wasiache kioo kitupu hewani, ambako tofauti ni kubwa zaidi? Sababu ni mbili. Kwanza, kioo kitupu kikiguswa na kidole chenye mafuta, vumbi au tone la maji, mwanga huvuja hapo hapo. Ganda hulinda mpaka ule usiguswe na chochote. Pili, tofauti ikiwa kubwa, mwanga unaweza kuingia kwa pembe nyingi. Mwingine utapita moja kwa moja, mwingine utaenda zigizagi na kuchelewa. Ujumbe uliotumwa kama mipigo ya mwanga hufika umechanganyikana, kama watu wanaoimba wimbo mmoja bila kufuatana. Tofauti ndogo na kiini chembamba huuacha mwanga njia moja tu ya kupita.

Ila njia hiyo ina masharti. Ukiipigia hesabu tofauti ile ndogo, mwanga lazima ubaki ndani ya kama digrii 5 tu kutoka kwenye mstari wa uzi. Ukiukunja waya kwa nguvu, mwanga hugonga mpaka kwa pembe mbaya, unapenya kwenye ganda na kupotea. Kioo hakijavunjika, lakini taa nyekundu iliyoandikwa LOS inaanza kupepesa. Bundi amelia!

Faiba za nyumbani siku hizi hutengenezwa zivumilie mkunjo. Baadhi zimezungushiwa kiini kitu kama mtaro wa kioo chenye kipimo cha chini zaidi, ili mwanga unaotaka kutoroka urudishwe. Hata hivyo, uvumilivu una mwisho. Kanuni rahisi: usiukunje waya kwa duara dogo kuliko kitako cha chupa ya soda ya nusu lita.

Kutoka Harlow hadi Mombasa

Mwaka wa 1966, Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya utafiti huko Harlow, Uingereza, waliandika kwamba kioo kingeweza kubeba simu kwa masafa marefu iwapo kingesafishwa vya kutosha. Wakati huo kioo kilimeza mwanga mwingi mno. Miaka minne baadaye, wanasayansi wa Corning nchini Marekani walitengeneza uzi uliofikia kiwango hicho. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2009.

Mwaka huo huo wa 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya bahari, na Kenya ikaanza kuachana na setilaiti. Kioo cha leo ni safi kiasi kwamba mwanga hupungua nusu baada ya kilomita 15 hivi.

Wachezaji wa gemu, hapa mnisikilize. Kutoka Nairobi hadi London ni karibu kilomita 6,800 kwa mstari mnyoofu. Kwa kasi ya mwanga ndani ya kioo, kwenda na kurudi ni angalau milisekunde 66, na nyaya halisi huzunguka zaidi ya hapo. Kifurushi cha bei ghali kitakupa upana wa barabara. Hakiwezi kubadilisha kipimo cha kioo. Kwa hivyo ukiweza, chagua seva iliyo karibu.

Namba yenye ugali ndani

Kwa kijana anayetafuta kazi ya mikono yenye akili, namba hii ni chombo cha kazi. Faiba ikikatika chini ya barabara, fundi huunganisha mashine inayotuma mipigo ya mwanga na kusikiliza mwangwi wake. Mashine hupima muda tu. Ili igeuze muda kuwa umbali, fundi lazima aingize kipimo cha kioo cha faiba ile.

Tuseme kipimo sahihi ni 1.468, naye akaingiza 1.480. Kwa hitilafu iliyo umbali wa kilomita 20, mashine itakosea kwa zaidi ya mita 160. Vijana watachimba mbele ya duka la mtu asiye na hatia, na mtaa mzima utalala bila mtandao.

Hata pale fundi anapounganisha ncha mbili kwa kiunganishi cha kubana, ndani mna gundi laini yenye kipimo kinachokaribiana na cha kioo. Ikikosekana, pengo dogo la hewa linabaki na sehemu ya mwanga inarudi ilikotoka.

Na usalama kwanza: usichungulie kamwe kwenye ncha ya faiba. Mwanga unaotumika hauonekani kwa macho, kwa hivyo usidhani hakuna kitu.

Basi inuka sasa hivi, sogeza lile kochi, fungua lile fundo, acha waya upinde polepole kama barabara ya mlimani. Halafu, kama bado una kile kitabu cha fizikia, usikiuze kwa muuza njugu. Sura ile ya pini nne inaweza kukulisha.