Fahamu Wajibu wa Mdhamini wa Kujitolea Katika Taasisi ya Muziki ya Jamii

Na Mwandishi Wetu

Neno "mdhamini" limezoeleka nchini kwa maana nyingi. Yupo mdhamini anayemwekea mshtakiwa dhamana mahakamani, yupo anayesaini fomu ya mkopo wa mwenzake, na yupo mfanyabiashara anayegharamia tamasha ili jina la bidhaa yake libandikwe jukwaani. Mdhamini anayezungumziwa katika makala haya ni tofauti na hao wote. Huyu ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake, aitunze kwa niaba ya watu wengine, kwa lengo lililoandikwa katika katiba ya taasisi, na bila kulipwa mshahara.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Mara nyingi vikundi vya muziki vya jamii, yaani vikundi vya taarabu, ngoma za asili, kwaya, matarumbeta na madarasa ya vijana ya kujifunza ala, humwendea mwalimu mstaafu, mtumishi wa benki au mzee anayeheshimika mtaani na kumwomba awe mdhamini. Ombi hilo hupokewa kama heshima, na saini huwekwa siku hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba saini hiyo huanzisha wajibu wa kisheria ambao mwananchi anapaswa kuufahamu kabla ya kukubali.

Kwa nini kikundi cha muziki kihitaji wadhamini

Muziki wa jamii hudumu kuliko watu walioanzisha vikundi vyake. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa cha Zanzibar kilianzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Waasisi wa vikundi vya umri huo hupokewa na kizazi cha pili, cha tatu na cha nne. Katika miaka yote hiyo kikundi hukusanya mali: udi, kanuni, fidla, ngoma, vipaza sauti, rekodi za nyimbo, fedha zilizopo benki na, kwa walio na bahati, nyumba au kiwanja cha mazoezi.

Swali la msingi ni hili: mali hiyo imeandikwa kwa jina la nani? Kiwanja kikiwa kimeandikwa kwa jina la mwenyekiti na mwenyekiti akafariki dunia, kiwanja hicho chaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mirathi yake, nao warithi wana haki ya kukidai. Vilevile, akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa majina ya watu wawili walioondoka kikundini huweza kukwama. Kikundi kilichochangiwa na mtaa mzima kwa miaka 30 kinaweza kujikuta hakina pa kufanyia mazoezi, ingawa hakuna mtu aliyeiba chochote.

Sheria inavyosema

Ibara ya 20 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua uhuru wa mtu kujiunga na wengine katika vyama na mashirika. Kwa upande wa kumiliki mali kwa pamoja, Tanzania Bara inayo Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Sheria hiyo inawahusu wadhamini wa taasisi zilizoanzishwa kwa malengo ya dini, elimu, fasihi, sayansi, jamii au hisani. Usajili wake husimamiwa na Kabidhi Wasii Mkuu, kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ulio chini ya Wizara ya Katiba na Sheria.

Wadhamini wakishasajiliwa na kupewa hati, huwa chombo kimoja kisheria. Chombo hicho huendelea kuwepo hata mdhamini mmoja mmoja akifariki au akijiuzulu, kina lakiri yake, kinaweza kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na kinaweza kumiliki mali kwa masharti yaliyowekwa. Ndiyo maana nyaraka nyingi za viwanja vya misikiti, makanisa na vyama huandikwa kwa jina la "Wadhamini Waliosajiliwa". Kikundi cha muziki kinachokidhi vigezo vya sheria kinaweza kufuata njia hiyo hiyo.

Hata hivyo, udhamini haupaswi kuchanganywa na usajili wa aina nyingine. Shughuli za sanaa husimamiwa na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanaongozwa na Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 pamoja na marekebisho yake, ambayo yanayataka kuwasilisha taarifa ya mwaka ya shughuli na taarifa ya fedha iliyokaguliwa. Jumuiya nyingine husajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Kila usajili una kazi yake, na kibali cha kufanya sanaa pekee hakiwi jibu la swali la nani mwenye kiwanja. Kwa taasisi zilizopo Zanzibar, zipo sheria na mamlaka za usajili za huko, nazo ndizo zinazopaswa kufuatwa.

Mdhamini si mtendaji, wala si pambo

Katika taasisi iliyopangwa vizuri, kazi hugawanyika. Walimu na watendaji huendesha mazoezi, hupanga maonesho na kusimamia ratiba ya kila siku. Wadhamini hulinda mali na lengo la taasisi, huidhinisha bajeti, husoma hesabu na kuwauliza watendaji maswali. Mdhamini anayeingilia uchaguzi wa nyimbo za onesho huvuruga kazi ya wasanii. Kwa upande mwingine, mdhamini asiyehudhuria kikao wala kusoma hesabu huiacha mali ya watu bila mlinzi.

Wajibu wa kwanza ni fedha. Tuchukue mfano wa darasa la muziki lenye wanafunzi 40, kila mmoja akichangia shilingi 10,000 kwa mwezi. Mapato ni shilingi 400,000. Walimu wawili wakilipwa shilingi 250,000 kila mmoja, matumizi ni shilingi 500,000 kabla ya umeme, nyuzi za ala na usafi. Pengo la shilingi 100,000 kwa mwezi ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Kazi ya mdhamini ni kuuliza mapema pengo hilo litazibwa na nani, badala ya kusubiri siku walimu watakapokosa posho.

Hatari hiyo ipo. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilichopo Mji Mkongwe, Zanzibar, kimewafunza vijana wengi taarabu na ala zake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kutegemea kwa sehemu kubwa misaada ya wafadhili. Mwaka 2019 vyombo vya habari viliripoti kuwa chuo hicho kilikuwa katika hatari ya kufungwa kwa uhaba wa fedha, kwani wanafunzi wake wengi hawakuwa na uwezo wa kulipa ada. Taasisi yenye sifa na wanafunzi wenye vipaji bado huhitaji watu wa kufikiria vyanzo vya fedha vya miaka mitano ijayo.

Katika suala la kodi, wadhamini wafahamu kuwa kusajiliwa kama taasisi ya hisani hakuleti msamaha wa kodi ya mapato moja kwa moja. Hadhi hiyo huombwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kuamuliwa kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332. Aidha, taasisi ikiajiri walimu, makato ya kodi na michango ya hifadhi ya jamii huwa wajibu wake kama mwajiri mwingine yeyote.

Wajibu wa pili ni usalama wa watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Mafunzo ya ala mara nyingi hufanyika mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, na maonesho huisha usiku. Ni jukumu la wadhamini kuhakikisha upo utaratibu ulioandikwa: chumba cha mafunzo kinachoonekana kutoka nje, ridhaa ya mzazi kabla ya safari, mtu mzima anayewajibika kuwarudisha watoto nyumbani, na namna ya kupokea malalamiko bila kumtisha mlalamikaji. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ibandikwe mahali ambapo watoto wataiona. Picha na taarifa za wanafunzi nazo zitunzwe kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wajibu wa tatu ni haki za wasanii. Nyimbo ni mali kama kilivyo kiwanja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mwimbaji, na masuala hayo yanashughulikiwa na COSOTA. Kikundi kinaporekodi, wadhamini wahakikishe upo mkataba unaoeleza haki zipi ni za mtunzi, zipi ni za kikundi na mapato yatagawanywaje. Haifai rekodi za wazee kuuzwa kwa makubaliano ya mdomo.

Wajibu wa nne ni kuepuka mgongano wa maslahi. Mdhamini anaweza kuwa na ukumbi wa kukodisha, duka la vipaza sauti au mtoto anayeomba ufadhili wa masomo katika taasisi hiyo hiyo. Hakuna aibu katika kuwa na maslahi. Kosa ni kuyaficha. Utaratibu unaokubalika ni kuyatangaza kikaoni, kutoka wakati suala likijadiliwa, na jambo hilo kuandikwa katika muhtasari. Kwa kuwa kazi ni ya kujitolea, mdhamini hurejeshewa gharama halisi kama nauli, kwa risiti na kwa idhini, wala hajilipi posho isiyoruhusiwa na katiba ya taasisi.

Mambo ya kukagua kabla ya kukubali

Mwananchi aliyeombwa kuwa mdhamini anashauriwa kuomba nyaraka zifuatazo na kuzisoma kabla ya kutoa jibu:

1. Katiba ya taasisi, hususan vifungu vya malengo, uteuzi, muda na ukomo wa wadhamini.
2. Hati ya usajili na orodha ya wadhamini waliopo katika kumbukumbu za msajili, ili kubaini kama wapo waliofariki au kuhama ambao majina yao hayajabadilishwa.
3. Taarifa za benki na hesabu za miaka mitatu iliyopita.
4. Daftari la mali, likionesha kila ala, hali yake na nani anaitunza.
5. Hati au mkataba wa eneo la mazoezi.
6. Madeni, kesi na ahadi zilizotolewa kwa wafadhili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taasisi inayokosa nyaraka hizi si lazima ikataliwe, kwani huenda inamhitaji mdhamini makini kuliko nyingine. Lakini taasisi inayokataa kuzionesha imekwisha kutoa jibu.

Baada ya kuridhika, uteuzi ufanyike katika kikao halali kwa mujibu wa katiba, muhtasari uandikwe na kusainiwa, na mabadiliko yawasilishwe kwa msajili husika. Kwa taasisi zilizosajiliwa chini ya Sura ya 318, taarifa hizo hupelekwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Hatua hii husahaulika mara kwa mara, na matokeo yake huonekana pale benki au mamlaka ya ardhi inapohitaji uthibitisho wa nani ni mdhamini halali.

Ikumbukwe pia kuwa usajili haumwondolei mdhamini wajibu wa kujibu kwa matendo yake mwenyewe, kwa uzembe wake na kwa mali iliyopita mikononi mwake. Kinga yake kubwa ni kuhudhuria vikao, kuuliza, kusoma kabla ya kusaini na kutaka maoni yake ya kupinga yaandikwe pale asipokubaliana na uamuzi. Anayeona hana muda ajiuzulu kwa maandishi, akabidhi nyaraka na vifaa kwa orodha, na ahakikishe jina lake linaondolewa katika kumbukumbu.

Si lazima mdhamini awe mwanamuziki. Bodi nzuri huchanganya anayejua hesabu, anayejua sheria, mzazi wa mwanafunzi, mkazi wa eneo husika, kijana aliyepita katika mafunzo hayo na msanii anayeijua kazi. Wanawake, ambao ni nguzo ya kwaya na taarabu, hawana budi kuonekana pia mahali ambapo maamuzi ya mali hufanyika.

Wananchi walioombwa kushika nafasi hizo, na vikundi vinavyotafuta wadhamini, wanahimizwa kufika katika ofisi za RITA, kwa msajili wa taasisi yao au kwa afisa utamaduni wa halmashauri ili kupata maelekezo kabla ya kusaini nyaraka. Mtoto anayejifunza fidla leo katika chumba cha kuazima hajui jina la mdhamini wake, lakini chumba hicho kuwepo au kutokuwepo miaka kumi ijayo kunategemea kwa kiasi kikubwa kama mdhamini huyo alisoma alichosaini.