Ubatizo Kwanza, Chama Baadaye: Mkristo katika Jamii Iliyogawanyika

Kila baada ya miaka mitano, katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo hapa nchini Kenya, hutokea jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia lakini haliandikwi kamwe katika kumbukumbu za mkutano. Rozari inasaliwa kama kawaida, Neno la Mungu linasomwa, michango inakusanywa. Lakini inapofika zamu ya kuiombea nchi, anayesali huyachagua maneno yake kama mtu anayepita penye miiba bila viatu. Baada ya sala, wanajumuiya hawaketi kunywa chai kwa muda mrefu kama zamani. Mwezi mmoja baadaye tunagundua kwamba familia fulani, ambazo kura zao zilikwenda upande mwingine, zimehamia kusali kwingine, au zimeacha kabisa kusali pamoja na wenzao.

Hakuna aliyefukuzwa wala aliyetukanwa. Ni kwamba siku ya kupiga kura tulijua, au tulidhani tunajua, kwa kusikia tu jina la ukoo, nani alimpigia nani.

Tunayaandika haya mapema, kabla joto la uchaguzi wa Agosti 2027 halijapanda, kwa sababu swali lililo mbele yetu ni gumu kulijibu damu ikiwa imechemka. Je, Mkristo anaweza kushika msimamo wake wa kisiasa kwa dhati, na bado akabaki ndugu wa kweli wa yule aliye katika mrengo wa pili? Kanisa linajibu kwamba anaweza. Tena linamtaka ashike msimamo. Ila linamwekea utaratibu wa kipi kitangulie.

Tuanze na meza ya Bwana mwenyewe. Katika orodha ya Mitume Kumi na Wawili yamo majina mawili ambayo tumezoea kuyapita haraka. Mathayo alikuwa mtoza ushuru, mtu aliyepata riziki yake katika mfumo uliowanufaisha Warumi na watawala waliokuwa chini yao. Simoni, yule ambaye siye Petro, Mwinjili Luka anamwita Zelote. Wataalamu wa Maandiko Matakatifu hujadiliana iwapo jina hilo wakati ule lilikuwa tayari la kundi la upinzani wenye silaha, au lilimaanisha tu bidii kubwa kwa ajili ya Sheria ya Mungu. Vyovyote vile, mtu wa namna hiyo hakutarajiwa kuketi kwa hiari karibu na mtoza ushuru. Injili haituambii walizungumza nini njiani kati ya Galilaya na Yerusalemu, na tungependa sana kujua. Inatuambia tu kwamba waliitwa na mmoja, wakatumwa pamoja, wakala mkate uleule usiku wa Karamu ya Mwisho.

Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 43, walilitazama suala hili bila kulikwepa. Walikiri kwamba waamini wenye nia njema, wakiongozwa na imani ileile, wanaweza kulitafakari jambo moja na kufikia maamuzi yanayotofautiana. Hilo linapotokea, asiwepo anayejitwalia mamlaka ya Kanisa na kudai kwamba yako upande wa maoni yake peke yake. Mtakatifu Papa Paulo VI alilirudia fundisho hilo mwaka 1971 katika barua yake ya Octogesima Adveniens. Nayo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 227, inawatambulia waamini walei uhuru wao katika mambo ya nchi, ikiwaonya papo hapo wasiyatoe maoni yao binafsi kana kwamba ni mafundisho ya Kanisa.

Msingi wa mafundisho haya ni fadhila ya busara. Chukua mfano wa afya. Wakatoliki wawili wanaweza kukubaliana kabisa kwamba mgonjwa maskini asirudishwe kutoka mlangoni mwa hospitali kwa sababu hana fedha. Hilo linatoka moja kwa moja katika Injili. Kisha mmoja akaona kwamba njia bora ni bima ya taifa inayochangiwa na kila mwenye kipato. Mwingine akaona kwamba fedha hizo zipelekwe moja kwa moja kwenye hospitali za kaunti. Wanatofautiana juu ya hesabu, juu ya uzoefu, juu ya nani anaweza kuaminiwa na fedha za wananchi. Padre hana neno lililofunuliwa la kuamua mzozo huo kutoka altareni. Ndiyo maana kanuni ya 287 inawazuia wakleri wasishiriki kwa utendaji katika vyama vya siasa, isipokuwa pale ambapo mamlaka ya Kanisa yameona ulazima wa kulinda haki za Kanisa au manufaa ya wote.

Waamini wengine hulalamika kwamba padre wao ni mwoga. Pengine mara nyingine ni kweli, kwa maana kunyamaza mbele ya wizi na mauaji ni kosa, na manabii hawakunyamaza. Lakini padre anayekataa kukitaja chama anailinda Misa yenu, ili mjane wa mrengo huu na mjane wa mrengo ule waweze wote kupokea Ekaristi Takatifu bila kuhisi kwamba wameingia ugenini.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo hayaachwi kwa busara ya mtu. Kumuua asiye na hatia, tangu tumboni mwa mama yake hadi uzeeni. Kumdharau mtu kwa ajili ya kabila lake. Kuiba mali ya umma. Kununua kura na kuuza kura. Kusema uongo juu ya jirani. Hapa hakuna mrengo uliopewa ruhusa maalumu. Wala kujitenga si utakatifu. Msemo wa kwamba siasa ni mchezo mchafu, basi Mkristo akae nyumbani na rozari yake, haupatani na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ambayo katika namba 2240 inahesabu kupiga kura na kulipa kodi miongoni mwa wajibu wa kimaadili wa raia.

Mtu atajuaje basi kwamba chama kimeanza kuikalia nafasi ya imani moyoni mwake? Tunapendekeza ajiulize swali moja. Je, naweza kutaja jambo moja ambalo mrengo wangu unalifanya, na ambalo imani yangu inalikataa? Asiyeweza kulitaja hata moja, ama chama chake kimefika mbinguni kabla yetu sote, ama ameacha kukipima kwa Injili na kuanza kuipima Injili kwa chama.

Sisi tumewahi kuona mwisho wa njia hiyo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika nchi ambayo walio wengi ni Wakristo, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mamia ya maelfu waliyakimbia makazi yao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto likiwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Waliochoma na waliochomwa walikuwa majirani.

Kanisa nalo halikuwa mtazamaji asiye na doa. Kabla ya uchaguzi ule, viongozi wa dini walikuwa wamesikika hadharani wakitofautiana juu ya mfumo wa majimbo, na wananchi waliyasikiliza maneno yao kwa sikio la kikabila. Mnamo Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, linalowaunganisha ndugu zetu wa madhehebu mengine, liliomba radhi hadharani kwa jinsi viongozi wake walivyoegemea pande. Ungamo la namna hiyo ni gumu, nasi Wakatoliki tulilihitaji vilevile.

Mauaji hayakuanza kwa panga. Yalitanguliwa na maneno. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliorodhesha maneno yanayotumiwa kuchochea chuki, na miongoni mwake yamo mawili ya Kiswahili cha kawaida kabisa: madoadoa na kwekwe. Doa hufutwa. Kwekwe hung'olewa. Mkristo anayelisikia neno la pili angepaswa kushtuka, kwa sababu Bwana wetu ametuachia mfano juu ya shamba lenye magugu. Katika mfano ule watumishi ndio walioomba ruhusa ya kung'oa; mwenye shamba aliwakataza, akahofia ngano isije ikang'olewa pamoja nayo, na kazi ya kutenganisha akaiweka hadi mavuno. Anayemwita jirani yake kwekwe amejitwalia kazi ambayo Mungu hajampa hata mtumishi wake mmoja.

Eldoret ileile ilituonyesha pia jambo jingine. Uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu uliwapokea maelfu ya waliokimbia. Askofu wa jimbo, Cornelius Korir, alitoka katika jamii ya Wakalenjini; wengi wa waliolala kwenye uwanja wake walikuwa Wakikuyu, na walikuwa wakiwakimbia vijana wa jamii ya askofu mwenyewe. Tunaweza kukisia alivyoonekana kwa baadhi ya watu wa kwao.

Huduma yake haikuishia kwenye mahema. Alikuwa askofu wa Eldoret tangu mwaka 1990, na machafuko ya miaka ya mwanzo ya tisini yalikuwa yamemfundisha kwamba mikutano mikubwa ya amani, yenye hotuba na picha, haiponyi vijiji. Uzoefu huo aliuweka katika kitabu kidogo kiitwacho Amani Mashinani, kilichochapishwa mwaka 2009. Njia yake ilikuwa ya polepole mno kwa wale wanaopenda matokeo ya haraka. Kwanza kila jamii ilikutana peke yake na kuyasema machungu yake yote, bila kukatizwa. Kisha wachache wa pande zote mbili walikutanishwa, wakala pamoja. Baadaye vilifuata vikao vya pamoja, makubaliano, na hatimaye miradi ambayo haiwezi kukamilika bila pande zote mbili kushikana mikono. Askofu Korir aliaga dunia tarehe 30 Oktoba 2017, siku nne tu baada ya marudio ya uchaguzi wa rais, taifa likiwa limegawanyika tena.

Tunaona katika njia hiyo jambo linaloeleweka vibaya. Askofu hakuwaambia watu kwamba machungu yao hayana maana, wala kwamba Wakristo hawana pande. Suala la ardhi lilikuwa suala la kweli. Suala la kura lilikuwa suala la kweli. Aliwapa nafasi ya kuyasema, ila hakukubali yasemwe na upande mmoja tu.

Kuhusu fedha tuseme kwa ufupi, maana kila parokia inalijua jambo hili. Mwanasiasa anapokuja na bahasha ya harambee Jumapili, wanakwaya hufurahi na paa hupata mabati. Lakini maskini wa mrengo wa pili huketi benchi la nyuma akiona mimbari inavyokopeshwa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba michango ya wanasiasa iliyotolewa katika kanisa la Soweto, Kayole, zaidi ya shilingi milioni 2, irudishwe kwa waliotoa. Uamuzi ule uligharimu. Parokia inayotaka kuufuata sharti iwe tayari kukaa na paa linalovuja kwa miaka kadhaa, na waamini wenyewe wachange zaidi ya wanavyochanga sasa.

Sehemu kubwa ya vita hivi, hata hivyo, inapiganwa kwenye simu ya kila mmoja wetu. Ni usiku, ujumbe umefika kwenye kundi la familia, una habari ya aibu juu ya kinara wa upande ule, na kidole kiko tayari kuusambaza. Hatujui kama ni kweli. Tunajua tu kwamba umetufurahisha. Furaha hiyo inastahili kupelekwa kwenye Kitubio, kwa sababu kushuhudia uongo ni dhambi hata tunapoufanya kwa kubonyeza tu. Wengi wetu huungama hasira na ulevi. Ni wangapi wamewahi kuungama ujumbe?

Na inapofika saa ya kupeana amani katika Misa, tukumbuke kwamba Bwana alimtaka mwenye sadaka aiache mbele ya altare, akapatane kwanza na ndugu yake. Hakusema kama ndugu huyo alikuwa upande wa haki katika ugomvi wao.

Jumuiya inayotaka kuanza mahali fulani inaweza kuanzia kwenye ile chai iliyofupishwa, na kwenye zile familia zilizoacha kuja. Tunajua zilipo, tunapishana nazo sokoni. Atumwe mtu kwao, na awe yule aliyepiga kura tofauti nao. Asiende na maelezo juu ya nani aliibiwa na nani aliiba. Aulize watoto wanaendeleaje shuleni, akae, apokee kikombe, kisha aseme kwamba Alhamisi ijayo Jumuiya ingependa kusali nyumbani hapo.