Kauboi Katika Bara Hindi

Katika aina zote za sinema zilizozaliwa Marekani, sidhani ipo iliyopokewa na mataifa mengi kuliko filamu za kauboi, na sababu yake naiona katika wepesi wa kisa chenyewe: kijiji kilicho mbali na serikali, raia wanyonge, wanyang'anyi wenye farasi, na mgeni mwenye silaha anayekuja kutenda kazi ambayo sharia ingepasa kuitenda lau ingekuwapo.

Akira Kurosawa wa Japani, ambaye hakuficha mapenzi yake kwa filamu za kauboi za John Ford, alikitia kisa hicho katika Japani ya karne ya 16, na mwaka 1954 akatoa filamu ya wakulima wanaowaajiri mashujaa saba wasio na bwana ili wayahami mavuno yao. Wamarekani nao, mwaka 1960, wakakirejesha kisa kile kwa farasi na bastola kwa jina la The Magnificent Seven. Sergio Leone wa Italia, bila ya kuomba idhini, aliigeuza Yojimbo ya Kurosawa ikawa filamu yake ya mwaka 1964 iliyomtukuza Clint Eastwood, na Kurosawa akadai haki yake hata akalipwa fidia.

Mito hiyo yote ilikutana katika Sholay, filamu ya Kihindi iliyotungwa na Salim Khan na Javed Akhtar na kuongozwa na Ramesh Sippy, ambayo wapenzi wa sinema ya Kihindi katika mwambao wetu hawahitaji kuelezwa. Majabali yake ni ya Ramanagara, karibu na Bangalore. Wezi wawili walioajiriwa kumkamata haramia Gabbar Singh ni ndugu wa wale saba wa Kurosawa. Na mauaji ya jamaa za Thakur, yule aliyewaajiri, yanafuata mfano wa Leone katika filamu yake ya mwaka 1968. Kwa Leone yule, kinanda cha mdomo kilikuwa sauti ya kisasi. Sippy alikitwaa akampa Jai, mmoja wa wezi wale wawili, akipige usiku uani huku Radha, mjane aliyevaa nyeupe, akizima taa za barazani moja baada ya moja, na kwa hiyo chombo kile kile kikawa sauti ya mapenzi ambayo ada ya jamii haiyaruhusu kutamkwa. Hapo ndipo, kwa rai yangu, uigaji ulipokoma na sanaa ya Kihindi ikaanza kusema kwa ulimi wake.

Lakini jambo moja la kauboi dola ya India haikulikubali. Thakur, aliyekuwa afisa wa polisi, na ambaye Gabbar alimkata mikono yote miwili, alitungiwa mwisho wa kumwua hasimu wake kwa viatu vyenye misumari. Filamu ilitoka tarehe 15 Agosti 1975, hali ya hatari ikiwa imetangazwa mwezi Juni, na wakaguzi wa serikali wakakataa katakata kuonyesha mlinzi wa sharia akijichukulia kisasi. Ikambidi Sippy awakusanye wachezaji wake upya na kupiga mwisho mwingine, ambamo polisi, wasioonekana walipohitajiwa, wanafika ghafula kumwokoa Gabbar na mauti na kumpeleka kizuizini. Mwisho wa asili ulionekana baadaye katika nakala nyingine, nami nauona ndio wa haki, maana kisa kizima, tangu siku ile mikono ilipokatwa, kilikuwa kikiuelekea huo.