Kompyuta ya Nyumbani Imeingiwa na Mnyoo? Linda Pesa Zako Kwanza, Kisha Uisafishe

Umetoka saiba kuprinti fomu za shule za mtoto. Ukifika nyumbani unachomeka flashi kwenye laptopu, na badala ya mafaili yako unakuta shotkati tupu, zile ikoni zenye kimshale kidogo kwenye kona. Unabonyeza moja, faili inafunguka kama kawaida, kwa hivyo unaendelea na kazi zako. Siku mbili baadaye laptopu imekuwa nzito, antivirusi inakataa kufunguka, na kila flashi unayochomeka inatoka na shotkati zilezile.

Pole sana. Kuna uwezekano mkubwa kwamba laptopu yako imeingiwa na mnyoo wa kompyuta.

Pengine unajiuliza, kampuni ya malipo ya simu inahusikaje na laptopu yangu? Inahusika sana. Laptopu hiyo ndiyo wengi wetu hutumia kufungua barua pepe, benki ya mtandaoni na akaunti ya biashara. Ikiwa na mgeni ndani, pesa zako pia ziko hatarini.

Mnyoo ni nini hasa?

Virusi vya kawaida hujishikiza kwenye faili na kusubiri ubebe faili hiyo. Mnyoo ni programu inayojinakili yenyewe na kutafuta njia ya kutoka: kupitia flashi, kadi ya memori au kompyuta nyingine zilizo kwenye Wi-Fi moja. Mingine huja imebeba programu za kurekodi kila kitufe unachobonyeza, na hapo ndipo nywila zako huibwa.

Mzazi yeyote anajua kwamba dawa ya minyoo haipewi mtoto mmoja tu. Ukimpa mmoja na ndugu zake hawajameza, baada ya muda mfupi wote wanaumwa tumbo tena. Kompyuta ni vivyo hivyo. Ukisafisha laptopu na kuiacha flashi, umefanya kazi bure.

Hatua ya 1: Itenge

Zima Wi-Fi kwenye laptopu, chomoa kebo ya intaneti kama ipo, na utoe flashi. Iweke flashi hiyo kando na usiichomeke kwenye kompyuta ya ofisi wala ya jirani "kuangalia tu kama inafunguka". Hivyo ndivyo mnyoo husambaa.

Hatua ya 2: Linda pesa kabla ya kusafisha

Wengi hukimbilia kusafisha kwanza. Usifanye hivyo, kwa sababu kama nywila yako tayari imeibwa, kuusafisha mnyoo hakutairudisha. Chukua simu yako, tumia bando lako, kisha:

- Badilisha nywila ya barua pepe kwanza. Aliye na barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine nyingi.
- Badilisha nywila ya benki na ya akaunti ya biashara, kama uliwahi kuzifungua kwenye laptopu hiyo.
- Fungua WhatsApp kwenye simu, nenda "Linked devices", na uitoe laptopu hiyo.
- Angalia taarifa ya miamala yako. Ukiona muamala usioufahamu, tupigie mara moja kupitia nambari yetu rasmi.

Na PIN je? Kama huwa unaiweka kwenye simu peke yake, mnyoo wa laptopu haujaiona. Lakini kama uliwahi kuiandika kwenye faili au kuihifadhi kwenye barua pepe, ibadilishe leo. Kwa simu usiwe na wasiwasi: mnyoo uliotengenezwa kwa ajili ya Windows haufanyi kazi kwenye Android wala iPhone.

Usirudi kuweka nywila mpya kwenye laptopu hiyo mpaka umalize hatua zote.

Hatua ya 3: Isafishe kompyuta

Windows 10 na Windows 11 zina antivirusi ya bure inayoitwa Microsoft Defender, kwa hivyo huhitaji kununua chochote. Funga kazi zote ulizofungua, kisha:

1. Fungua Windows Security, bonyeza "Virus & threat protection", halafu "Scan options".
2. Chagua ile yenye maneno "offline scan", kisha "Scan now".

Laptopu itajizima, iwake, na ikaguliwe kabla Windows haijaanza. Faida yake ni kwamba mnyoo unakuwa haujaamka, kwa hivyo hauwezi kujificha wala kujitetea. Huchukua kama dakika 15. Ikimaliza, rudi palepale na ufanye "Full scan". Hii inaweza kuchukua saa kadhaa, basi iache kwenye chaja usiku.

Defender ikikataa kabisa kufunguka, tumia kompyuta nyingine iliyo safi kupakua Microsoft Safety Scanner kutoka tovuti ya Microsoft. Ni ya bure, lakini hufanya kazi kwa siku 10 tu tangu uipakue. Flashi utakayoibebea, nayo ihesabu kuwa imeambukizwa mpaka uikague.

Hatua ya 4: Safisha kila flashi

Mara nyingi mafaili yako hayajapotea. Mnyoo umeyaficha tu na kuweka shotkati mahali pake. Laptopu ikishakuwa safi, chomeka flashi lakini usibonyeze shotkati yoyote. Ikague kwanza kwa Defender. Kisha fungua Command Prompt na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hapo E ni herufi ya flashi yako. Yako inaweza kuwa D au F. Mafaili yataonekana tena. Nakili picha na hati zako pekee. Faili yoyote inayoishia na .exe, .vbs, .js au .lnk iache hukohuko. Halafu fomati flashi. Rudia hivyo kwa flashi zote za nyumbani na kadi za memori, hata zile za watoto za muziki.

Hatua ya 5: Ziba shimo

Mnyoo ulioitwa Conficker ulianza kusambaa Novemba 2008 na ukaingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani. Cha kushangaza ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuuzuia tangu Oktoba 23 mwaka huo. Walioambukizwa kupitia mwanya huo ni wale ambao hawakuwa wamesasisha Windows.

Kwa hivyo nenda "Windows Update" na uruhusu masasisho, hata kama yanakula bando. Kumbuka pia kwamba huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 ilifika mwisho Oktoba 14, 2025. Kama laptopu yako inakubali Windows 11, hamia huko.

Ikirudi tena?

Kama umefuata hatua zote na dalili zinarudi, hifadhi hati na picha zako peke yake, kisha tumia "Reset this PC" uchague kufuta kila kitu. Ukiipeleka kwa fundi, nenda kwa unayemfahamu, na usimwachie nywila zako.

Jihadhari na "wasaidizi"

Wakati umechanganyikiwa ndio wakati matapeli wanakupenda. Ukiona tangazo kwenye skrini likisema kompyuta yako ina virusi na upige nambari fulani, lifunge. Mtu akikupigia akidai anatoka kwetu na kukuomba uweke programu ya kumwezesha kuona skrini yako, kata simu. Hatutawahi kukuomba PIN wala ile nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS, hata kama tunakusaidia kurudisha pesa zako.

Na wakati mwingine ukihitaji kuprinti kitu saiba, jitumie kwa barua pepe uliyofungulia kwenye simu, kisha uipeleke kwa barua pepe ya saiba yenyewe. Flashi iache nyumbani.