Tshimanga, mzaliwa wa Kinshasa aliyekimbia na mpira Marekani



Sisi tunaofundisha tunasikia neno moja kila mwaka katika klasi, nanyi mnalisikia nyumbani: "Mama, masomo ya nini? Miye nitacheza ku Mazembe." Hatucheki. Katika mji huu mtoto anakomaa akisikia kelele za uwanja wa Kamalondo, na wakubwa wanamsimulia namna Mazembe ilifika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu kule Abu Dhabi mwaka wa 2010. Lakini kuna mama mmoja tunayemfahamu ambaye alipokea zamu yake ya likelemba, akampa feza zote mtu aliyesema atampeleka mwanawe majaribio Ulaya. Mtu yule hakuonekana tena, na feza za shule zikaenda naye. Ndiyo sababu wiki hii tunawaletea habari za Tshimanga Biakabutuka.

Jina la Tshimanga si geni kwetu. Mnaweza kuliita katika parsele nyingi za Kenya ao Katuba na mtu akaitika. Huyu alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1974. Angali mtoto mdogo, wazazi wake walihamia Kanada, karibu na mji wa Montreal. Huko shuleni alikutana na mpira wa Marekani, ule mchezo ambao mpira wake una umbo la yai na wachezaji wanavaa kofia ngumu. Kila mmoja ana kazi yake: kuna mwenye kurusha, kuna anayesimama mwisho wa mstari ili kuzuia adui na kudaka, na kuna anayepewa mpira mkononi akimbie nao katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Tshimanga alikuwa huyo mkimbiaji.

Alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Michigan. Wamarekani walimwita Tim. Mwezi wa 11 mwaka wa 1995, chuo chake kilikutana na Ohio State, timu ambayo ilikuwa haijashindwa hata mara moja mwaka ule. Siku hiyo Tshimanga peke yake alikimbia na mpira yadi 313. Uwanja wao una urefu wa yadi 100. Ni sawa na kuuvuka wote mara tatu na kuzidi, huku watu wakimkamata kila hatua. Michigan ikashinda 31 kwa 23.

Mwaka uliofuata, 1996, timu ya Carolina Panthers ilimchagua; kati ya vijana wote wa mwaka ule, yeye alikuwa wa 8 kuitwa. Wazazi gani wasingefurahi?

Lakini msimu ule ule wa kwanza, kisha michezo michache tu, kano ya goti lake ilikatika. Alitibiwa, akarudi. Mwaka wa 1999 alionyesha tena nguvu zake: katika mchezo mmoja na Washington alifunga mara 3 katika robo ya kwanza. Kisha mwaka wa 2001 mguu wake uliumia vibaya. Hakucheza tena. Alikuwa na miaka 27.

Wamama, tufikiri kidogo. Miaka 27 ni umri ambao walimu wengi na wauguzi wengi ndio wanaanza kazi. Yeye kazi yake ilikuwa imekwisha. Hakukaa kulia. Aliingia katika biashara, na baadaye akawa na mikahawa ya kuuza kuku wa kukaanga kule Georgia. Mguu ulikataa, lakini kichwa kilikuwa kingali kinafanya kazi, na kichwa hicho kilipita shuleni.

Kumbukeni pia Dikembe Mutombo, wa Kinshasa vilevile. Alikwenda Marekani akitaka kuwa muganga, akawa mchezaji mkubwa wa basketi, lakini masomo yake alimaliza. Mwaka wa 2007 alifungua hospitali Kinshasa, akaipa jina la mama yake, Biamba Marie.

Basi tufanye nini? Tusimkataze mtoto mpira. Anayekatazwa atacheza kwa kujificha. Tupatane naye: daftari kwanza, uwanja nyuma. Akija mtu na ahadi za Ulaya, tusimpe hata faranga moja kabla ya kuuliza katika kikundi, kwa mwalimu na kwa viongozi wa klabu yenyewe. Klabu inayomtaka mtoto kweli haiombi feza kwa mama yake. Na tumlinde mpaka apate diploma ya serikali.

Mtoto akifaulu kwa mguu, tutapiga vigelegele. Mguu ukivunjika, awe na kitu kingine mkononi.