Mkono wa Kutupia Huanzia Miguuni

Mpunga ukianza kushika punje hapa Bahi, kila nyumba hutoa mtu wa kuamia ndege. Mara nyingi ni mtoto. Kutwa nzima yumo shambani na kombeo lake, anatupa mawe na madongo, maana kweleakwelea hawana huruma. Jioni anarudi akilalamika bega. Sisi wazazi tunamjibu, "Utazoea." Je, kweli atazoea? Hebu tulitazame jambo hili kupitia mchezo mmoja ambao kazi yake kubwa ni kutupa.

Mchezo huo unaitwa besiboli. Wengi wetu hatujauona. Umeenea sana Marekani na Japani. Mtu mmoja, yaani mtupaji, hurusha mpira mdogo mgumu wenye uzito wa gramu 145 hivi. Mwenzake husimama mita 18 na kidogo mbele yake, ameshika gongo, anajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri hutimua mbio kwenda kituo cha kwanza, mita 27 hivi. Hapa Tanzania, Wajapani walisaidia kuufundisha katika shule za sekondari kuanzia mwaka 2012, na Azania ya Dar es Salaam ni mojawapo ya shule za mwanzo. Jirani zetu wa Uganda walishatutangulia. Mwaka huohuo wa 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko.

Watupaji hodari huurusha mpira kwa mwendo wa kilometa 150 kwa saa. Basi la Dodoma haliendi hivyo, na likienda hivyo tuombe kuteremka!

Nguvu hiyo inatoka wapi? Utasema mkononi. Siyo. Mtupaji husukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, hupiga hatua ndefu mbele, nyonga zinageuka, kiuno kinafuata, halafu kifua, halafu bega. Mkono huja mwisho kabisa, kama ncha ya mjeledi. Wafugaji wanaelewa tunachosema. Hata kwenye jembe ni hivyohivyo: anayejua kulima hulima kwa mwili mzima, anayelima kwa mikono tu hafiki adhuhuri. Miguu ikichoka, mkono hubeba kazi yote peke yake, na hapo ndipo unapoumia.

Kwa hiyo mazoezi ya mchezaji wa besiboli huanzia chini. Huchuchumaa na kusimama mara nyingi, na akishazoea hubeba mfuko wa mchanga begani. Hukimbia mbio fupi za hatua 30 kwa nguvu zote, kisha hungoja mpaka pumzi irudi ndipo arudie. Kukimbia kutoka Bahi mpaka Kigwe kila siku hakumfai sana, kwa sababu mchezo wenyewe ni wa nguvu za ghafla.

Kuna jambo jingine watu hulisahau. Mpira ukishatoka mkononi, mkono bado unakwenda mbele kwa kasi. Lazima usimamishwe. Breki zake ni misuli ya mgongo na misuli midogo minne inayolizunguka bega. Misuli hii haihitaji mzigo mzito. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ipasue iwe ukanda mwembamba, uifunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Simama ubavu kwa nguzo. Shika ukanda kwa mkono ulio mbali na nguzo, kunja kiwiko na ukibane ubavuni. Sasa vuta nje polepole, urudishe polepole zaidi. Mara 15 zinatosha, halafu mkono wa pili. Ukisikia maumivu, acha.

Tuje kwa watoto. Kiungo cha mtoto si sawa na cha mtu mzima. Karibu na kiwiko na bega kuna sehemu laini ambapo mfupa unaendelea kukua. Ikivutwa tena na tena bila kupumzika, huumia. Wamarekani waliliona hilo, na mwaka 2014 wakatoa mwongozo: mtoto wa miaka 11 au 12 asitupe zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku 4. Hata watu wazima huumia. Mtupaji Tommy John alikatika kano ya kiwiko, akapasuliwa mwaka 1974, na hakurudi uwanjani mpaka 1976. Huyo alikuwa na daktari bingwa. Mtoto wetu kiwiko kikiharibika, jembe atalishikaje?

Sasa hebu tuhesabu mawe. Mtoto wa kuamia hutupa mangapi toka alfajiri mpaka jua kuzama? Kombeo si mpira, lakini bega ni lilelile. Kama huko shuleni anafundishwa mchezo wa kutupa, basi mawe ya shambani nayo yaingie kwenye hesabu, na mwalimu wake aambiwe. Akisema kiwiko au bega linauma hata akiwa amekaa, au mkono haunyooki, aache kutupa kabisa na apelekwe zahanati. Tusimkande tukamrudisha shamba kesho yake.

Siku hizo apewe debe la kugonga. Ndege huliogopa pia.