‘Dawa itasaidia’: Itasaidia nini, daktari?

Katika taaluma ya isimu huwafunza wanafunzi wetu kwamba neno halina maana moja iliyogandishwa. Maana humtegemea anenaye, asikiaye na mahali linaponenwa. Sikudhani kwamba somo hilo ningekuja kufunzwa upya, tena kwa uchungu, nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali pamoja na shangazi yangu aliyekuwa akiugua saratani ya umio, yaani njia ya chakula.

Wakati huo shangazi hakuweza kumeza chochote ila uji mwepesi. Daktari aliyetupokea alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Alizitazama picha, akasema, “Tutaanza tibakemikali. Itasaidia.” Sisi jamaa tulisikia “atapona”. Tukauza ng’ombe wawili, tukaitisha harambee, na kwa muda wa miezi minne shangazi akawa msafiri wa mabasi ya usiku. Alitapika, kinywa kikamtoka vidonda, akakosa nguvu hata za kuketi uani kuwatazama wajukuu. Baadaye ndipo tulipong’amua kuwa daktari alikusudia jambo jingine: kwamba huenda dawa ile ingeuchelewesha ugonjwa kwa majuma kadhaa.

Daktari hakutudanganya, nasi hatukumuuliza. Kwa upande wake, shangazi alikuwa na haja moja tu, nayo ni kula chakula pamoja na watu wa nyumbani mwake. Haja hiyo hakuna aliyeiulizia.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili. Tunalo neno kuponya, tunalo kutibu, na tunalo kuuguza. Anayeponya huuondoa ugonjwa. Anayetibu hupambana nao, ashinde asishinde. Anayeuguza humtunza mgonjwa mwenyewe, ugonjwa uondoke au ubaki. Ni bayana kwamba haya ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina gharama yake. Tatizo ni kwamba hospitalini yote matatu huvikwa kanzu moja ya “itasaidia”.

Nisieleweke visivyo. Siwashawishi wagonjwa waikimbie tiba. Saratani ya mlango wa uzazi na ile ya matiti hutibika vyema zikigunduliwa mapema. Uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na kazi yake nchini Uganda, huweza kuponywa kwa tibakemikali. Katika hali kama hizo, mateso ya miezi michache ni bei ndogo kwa maisha marefu. Lakini saratani ya umio, ambayo imewasumbua mno watu wa magharibi mwa Bonde la Ufa, aghalabu hugunduliwa wakati imekwisha kuenea. Hapo swali hubadilika. Yamkini mrija mdogo unaowekwa ndani ya umio ili chakula kipite, kazi ambayo hospitali ya Tenwek kule Bomet imejulikana kwayo kwa miaka mingi, ukamfaa mgonjwa kuliko duru nyingine ya dawa kali.

Wapo watakaosema kwamba kumtuliza mgonjwa ni kumkatia tamaa. Utafiti haukubaliani nao. Mwaka 2010, madaktari wa Boston nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokuwa imeenea. Waliopewa tiba shufaa mapema, pamoja na matibabu ya kawaida, walikuwa na hali bora ya maisha. Wachache zaidi miongoni mwao walipewa tiba kali siku za mwisho. Hata hivyo waliishi muda wa wastani wa miezi 11.6, ilhali wenzao waliishi miezi 8.9. Kutulizwa hakukuwapunguzia siku.

Huduma hiyo si ngeni kwetu. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990, na tangu mwaka 1993 jirani zetu wa Uganda wamekuwa wakitumia mofini ya maji, dawa rahisi inayonyweka nyumbani. Kinachotukwaza ni hofu: hofu ya mofini, na hofu ya kukitaja kifo, tukidhani kukitaja ni kukiita. Hivyo jamaa hunong’ona na daktari ukumbini ilhali mwenye mwili amelala ndani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; iweje basi sisi tusiolala hapo ndio tuamue?

Kuna hoja moja nzito ambayo siwezi kuipuuza. Maskini akiambiwa “nenda nyumbani ukapumzike”, je, hilo ni shauri la hekima au ni kisingizio cha kukosa mashine na dawa? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Mgonjwa hawezi kusemekana amechagua kuacha tiba ambayo hakuwahi kuwekewa mezani. Kwa hiyo serikali haina budi kutoa vyote viwili, mashine za mionzi na chupa ya mofini, ndipo mizani iwe mizani ya haki.

Nasi raia tujifunze kuuliza. Tiba hii inakusudiwa kuponya, kurefusha maisha au kupunguza maumivu? Ikiwa ni kurefusha, kwa muda gani, na siku hizo zitakuwaje? Tusipoitumia, kuna nini kingine? Kisha swali la nne, ambalo daktari na jamaa wapaswa kumwuliza mgonjwa: wewe unataka nini?

Shangazi aliwekewa mrija hatimaye, katika hospitali nyingine, baada ya muuguzi mmoja kumwuliza swali hilo la nne. Jioni aliyorudi nyumbani alikula ugali laini na mchuzi, polepole, sote tukiwa tumeizunguka meza. Alikula nasi kwa majuma matatu, kisha akafariki dunia. Hadi leo hujiuliza yangalikuwa majuma mangapi, lau siku ile kwenye benchi ningalifungua kinywa na kusema, “Itasaidia nini, daktari?”